Leesu ya Kampala

Nina kanga moja ambayo siifui mara kwa mara, naogopa itachuja. Aliyenipa aliiita leesu, ndivyo Waganda wanavyosema. Hakunipa kama zawadi. Alinifunga kiunoni, mwishoni mwa Februari 2014, karibu na stendi ya Old Taxi Park, mama muuza nyanya ambaye hata jina lake silijui. Alitoka nyuma ya mafungu yake, akanizungushia, akakaza fundo, akanisukuma begani kwa Kiganda cha haraka nilichokielewa nusu: nenda binti, usisimame hapa. Sketi yangu ilifika magotini. Hatua chache mbele vijana walikuwa wamemzingira dada mwingine, wanapiga miluzi, na nikasikia kitambaa kikichanika. Sikugeuka. Hilo nalo nalibeba.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa sheria, mtoto wa Tanga niliyepelekwa Kampala kwa michango ya ukoo. Tarehe 6 ya mwezi uleule Rais Museveni alikuwa ametia saini Sheria ya Kupinga Ponografia. Aliyeipigania miaka yote ni waziri wa maadili, Simon Lokodo, padri wa Kikatoliki wa zamani. Mtaani ikaitwa sheria ya sketi fupi, ingawa neno sketi halimo. Kilichokuwemo ni kifungu cha 2, kilichosema ponografia ni kuonyesha kwa njia yoyote ile mtu akifanya ngono, au kuonyesha viungo vyake vya kijinsia ili kuamsha ashiki. Njia yoyote ile! Kijana wa stendi hahitaji digrii kuamua kwamba goti langu ni njia. Watu walikamata sheria mikononi kabla polisi hawajaisoma.

Jioni ile nikampigia Baba. Yeye ni fundi cherehani Ngamiani, na baada ya alasiri anasomesha madrasa, kwa hiyo mtaa mzima unamwita Mwalimu. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla sijasema neno akaniambia amesikia redioni. "Alhamdulillah, Waganda wamefanya jambo. Haya mapicha yametumalizia vijana." Nikasema ndiyo Baba. Leesu ilikuwa bado kiunoni. Sikumwambia.

Sasa, kilichonichanganya ni kwamba wiki hizohizo nilikuwa nimetoka kununua fotokopi Wandegeya, za hukumu moja ya Marekani, na wanawake waliokuwemo humo walikuwa wakali juu ya ponografia kumshinda hata Baba. Andrea Dworkin, mwandishi. Catharine MacKinnon, mwanasheria. Mwaka 1983 waliandika sheria ndogo kwa ajili ya jiji la Minneapolis. Niliposoma mstari wa kwanza wa maelezo yao nilidhani nimekosea ukurasa, maana nilitegemea kukuta uchafu, ashiki, maadili ya jamii. Hakuna hata kimoja. Walisema ponografia ni kumweka mwanamke chini, waziwazi, kwa picha au maneno ya ngono. Kwao haikuwa dhambi ya macho. Ilikuwa jambo anatendewa mtu.

Na ukiliona hivyo, kila kitu kinabadilika hadi mlango wa mahakama. Sheria yao haikumpa polisi kazi, wala haikumfunga mtu. Ilikuwa ya madai. Mwanamke aliyelazimishwa kuigiza angeweza kumshtaki aliyemlazimisha na wanaouza mkanda. Aliyeshambuliwa na mtu kwa sababu ya picha fulani angeweza kudai fidia. Kwenye vikao vya Minneapolis alikuja Linda Marchiano, ambaye Marekani nzima ilimjua kwa jina jingine kutokana na filamu ya ngono ya mwaka 1972. Akaeleza kwamba mumewe wa wakati ule alimlazimisha kwa kipigo na bastola. Mamilioni walikuwa wameitazama ile filamu wakidhani wanaona mwanamke anayefurahi. Hebu fikiria kukaa mbele ya madiwani na kusema kwamba kila anayeitazama anatazama ukibakwa.

Madiwani wakaipitisha, meya Donald Fraser akakataa kutia saini. Hapo ndipo hadithi inapoingia kona ambayo mimi, mtoto wa Mwalimu, niliisoma mara tatu. Mwaka 1984 sheria ikahamia Indianapolis, na aliyeipokea alikuwa meya William Hudnut, Mrepublican, mchungaji wa Presbiteri. Diwani aliyeibeba, Beulah Coughenour, alikuwa amepinga marekebisho ya katiba ya kuwapa wanawake haki sawa. Maana yake mama aliyepinga usawa ndiye aliyeisimamia sheria iliyoandikwa kwa jina la usawa. Yeye na walioiandika walisimama upande mmoja, na sidhani kama walikuwa wanakisoma kitabu kimoja.

Wauza vitabu wakaenda mahakamani. Jaji Sarah Evans Barker akaibatilisha mwaka huohuo. Mwaka 1985, kwenye rufaa, Jaji Frank Easterbrook akafanya jambo la ajabu: akakubali hoja ya Dworkin na MacKinnon kwamba picha za kuwadunisha wanawake zinaendeleza kudunishwa kwao, kazini na nyumbani. Halafu akasema hilo ndilo linaloonyesha nguvu ya ponografia kama usemi, na usemi una ulinzi. Yaani umeumia kweli, mama, na ndiyo sababu hatuwezi kukusaidia. Februari 1986 Mahakama ya Juu ikaafiki bila hata kusikiliza hoja.

Si wafeministi wote waliolia. Kundi zima lao, wakiwemo Betty Friedan na Adrienne Rich, liliweka majina yao kwenye andiko la kuipinga sheria ile mahakamani. Waliogopa kwamba ukimpa serikali kisu cha kukata ponografia, ataanza na vitabu vya wanawake wenyewe. Mwalimu wetu mmoja aliwaita waoga. Mimi, nikiwa na leesu ile begini, sikuona uoga.

Wenye dini nao walipata zamu yao. Mwaka 1986 tume ya Mwanasheria Mkuu Edwin Meese ilitoa ripoti nene kuliko msahafu wa Baba. Ndani ya tume alikuwemo James Dobson, mwanasaikolojia Mkristo wa vipindi vya familia redioni, na Dworkin mwenyewe alikwenda kutoa ushahidi mbele yao. Lakini ripoti ilipotoka, maneno ya madhara kwa wanawake yalikuwemo, na dawa iliyosisitizwa ilikuwa ileile ya zamani: waendesha mashtaka wakaze sheria za uchafu. Waliazima machozi ya Linda, mlango wake wa madai wakausogeza pembeni.

Nilirudi Tanga na digrii, na kwa miaka sikuyagusa tena. Nilikuwa na kesi za mirathi na viwanja.

Mwaka 2021 ikaja kwetu. Mtoto wa mama mdogo, kwetu hatusemi binamu, ni mdogo wangu tu, alikuwa na miaka ishirini na saba na ametalikiwa miezi minne. Siku moja mtaa mzima ukawa unasema kuna koneksheni mpya. Kwa asiyejua, siku hizi hilo ndilo jina la video ya faragha iliyovuja. Neno zuri kabisa limeharibiwa. Video aliipiga mumewe, ndani ya ndoa, kwenye chumba chao. Baada ya talaka ikaanza kutembea kwenye magrupu ya WhatsApp, hadi grupu la harusi ambalo mimi mwenyewe nilikuwemo. Sikuifungua. Nilijua ni yeye kwa sababu ya pazia.

Tulikwenda kituoni. Swali la kwanza lilikuwa: alikubali kurekodiwa? Wakili niliyemo ndani yangu alielewa linakotoka. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inakataza kuchapisha ponografia kwa kompyuta, na adhabu inaanzia faini ya milioni 20 au kifungo cha miaka saba. Ni kali. Lakini isome: inakitazama kitu kilichochapishwa, haimtazami aliyemo ndani yake. Yeye ni sehemu ya uchafu. Wakenya angalau, kwenye sheria yao ya 2018, kifungu cha 37, wameandika kosa la kusambaza picha ya faragha ya mtu mwingine. Adhabu ni ndogo kuliko yetu, ila yule mtu mwingine yumo kwenye sentensi.

Rafiki yangu wa Dar, mwanaharakati ninayemheshimu, akapiga simu kumtia moyo. Akamwambia ni mwili wako, huna cha kuonea aibu, jitokeze useme. Mdogo wangu alisikiliza kwa adabu, akakata simu, akaniambia: "Dada, mimi aibu ninayo. Ninachotaka isionekane." Nikakosa la kumjibu. Ufeministi wangu wa fotokopi ulikuwa na haki, fidia, usawa. Neno la sitara halikuwemo, na ndilo alilokuwa analililia.

Neno hilo lilikuwa kwa Baba, ambaye nilimwogopa kuliko polisi. Nilijua atasema mwanamke gani anakubali kamera chumbani. Na alisema, nisimpambe. Alisema usiku uleule, na akaagiza apelekwe Pangani kwa shangazi mpaka maneno yapoe. Mama mdogo alilia jikoni. Mimi nilitoka nikakaa nje.

Ila kesho yake barazani kwa muuza kahawa, mzee mmoja akatoa simu kumwonyesha mwenzake. Kaka yangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Baba akasema, "Futa." Yule akajitetea: mimi sikurekodi, Mwalimu, mimi nimetumiwa. Baba akamuuliza Suratun-Nur aya ya thelathini inawaanza akina nani. Kimya. Akaisoma mwenyewe: waambie Waumini wanaume wainamishe macho yao. Wanawake wanafuata kwenye thelathini na moja. "Wewe kila siku unaanzia thelathini na moja," akamwambia. Halafu akaongeza aya ya kumi na tisa ya sura ileile, ya wanaopenda uchafu uenee kwa walioamini, kwamba wana adhabu iumizayo duniani na akhera. Aya haisemi waliofanya. Inasema wanaopenda uenee. Kaka anasema kahawa ilipoa vikombeni, na simu tatu zilitolewa mifukoni zikafutwa bila mtu kuambiwa.

Nimeyafikiria sana yale. Nilizoea kuwaweka Baba na Dworkin kwenye mizani kama watu waliofika mahali pamoja kwa njia mbili, mmoja kwa haya, mwingine kwa haki. Siku hizi naona hawafiki pamoja hata kidogo. Baba angechoma hata picha ambayo kila aliyemo alikubali, akalipwa, akafurahi. Dworkin asingekubali kwamba picha ya namna hiyo ipo. Na mimi kwenye hili siko na yeyote. Naamini kuna wanawake waliochagua wenyewe, na sipendi kuambiwa ama wamelaaniwa ama wamerogwa akili. Lakini wawili hao wanaposaini karatasi moja, anayeishika kalamu huwa ni mwenye lugha ya uchafu, kwa sababu serikali imeizoea, na uchafu unapofagiliwa mwanamke yuko ndani ya pipa. Kampala walihitaji miaka saba kulirekebisha. Profesa Sylvia Tamale na wenzake walipeleka shauri mwaka 2014, na Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu cha 2 tarehe 16 Agosti 2021. Siku hiyo nilikuwa kwenye benchi la kituo na mdogo wangu, tunasubiri afisa arudi na faili. Nilisoma habari kwenye simu, nikamsomea. Akauliza kama huko Uganda zile nguo zilizochanwa zitalipwa.

Kesi yetu imekwama kwenye simu ya mtalaka wake, iliyochukuliwa kama kielelezo na haijatoka droo. Mdogo wangu yuko Pangani, anauza vitumbua, amebadili namba mara nne.

Mwaka jana, baada ya Maulidi, nikamwonyesha Baba ile leesu, nikamsimulia yote, hata yule dada ambaye sikumgeukia. Alikaa muda mrefu anachezea futi yake ya kupimia. Kisha akauliza habari za yule mama Mmarekani, Dworkin. Ana dini? Nikasema alizaliwa Myahudi, amefariki 2005. Akauliza ile sheria yake ya mtu kudai mwenyewe bila polisi, kwa kadhi inaingia? Nikamwambia huku bara kadhi hana meno hayo. "Basi nitafsirie niisome," akasema.

Nikaanza na ule mstari wa kwanza. Palepale nikakwama. Kuwekwa chini? Kudunishwa? Niliandika kudhalilishwa, nikampelekea karatasi na nafasi zilizoachwa wazi. Iliporudi ilikuwa na doa la mafuta ya cherehani, na juu ya neno langu amelikata kwa chaki ya kitambaa, ameandika dhulma. Chini yake ameuliza, kwa herufi ndogo, kama mistari mingine iko tayari.