Siku moja na chandelia ya Mji Mkongwe, Bagamoyo

Saa 11 alfajiri nipo macho, sio kwamba napenda, ila ukitaka kuwakuta watu wa madema, ile mitego ya samaki ya kusuka, pwani lazima uwahi, jua likishapanda kila mtu ana shughuli zake. Chai ya rangi, bodaboda, huyoo soko la samaki kule chini karibu na jengo la forodha ya Wajerumani.

Mimi nabuni taa. Kwa sasa nina kazi moja tu kichwani, chandelia ya lobi ya hoteli moja ya kifahari huku Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya matumbawe ya enzi za Waarabu na Wahindi wenye mali. Sasa chandelia na soko la samaki wapi na wapi? Subiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, umekuja tena na futi yako?"

Mzee anasuka dema bila hata kuangalia mikono. Tundu zake za pembe sita, zote saizi moja, na hana rula wala nini. Ila mimi leo nafuata ule mdomo, mpana kwa nje halafu unaingia ndani unabana, samaki akishaingia kutoka hajui. Nimekaa kwenye ndoo nusu saa napima ule mbano, maana balbu ndo itakaa pale kwenye shingo, mwanga utoke kwenye matundu lakini mgeni akiinua macho asichomwe na balbu yenyewe. Taa nyingi za bei mbaya zinafeli hapo hapo, unakaa kula huku umekunja uso.

Saa 3 asubuhi hoteli, kikao na mama mwenye hoteli. Mama ni mtu mzuri sana ila ana simu, na kwenye simu ana picha ya hoteli ya Dubai, kioo juu ya kioo, duara la karibu mita 2. Nikamwambia mama, tusimame hapa katikati ya lobi, nyoosha mikono. Chumba kina upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 8. Ni boriti hizo, nyumba za zamani pwani yote hii, Lamu mpaka Kilwa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na mkoko unabeba vizuri mpaka kama mita 3 hivi basi, kwahiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu. Ukiweka duara la mita 2 humu mgeni anaona taa haoni nyumba. Ndo maana nimeichora ndefu, madema 9 ya waya wa brasi, makubwa kwa madogo, yamepangana kwenye reli ya mita 5, la chini kabisa liko mita 2.3 kutoka sakafuni ili hata mgeni mrefu apite na kofia yake.

Mshirika wake naye alileta wazo la vioo vya umbo la pembe za ndovu, eti kwa sababu njia ya misafara kutoka Ujiji iliishia hapa. Ni kweli iliishia hapa, lakini pembe zile zilibebwa na watu mabegani zaidi ya kilomita 1,000, na watumwa walipita njia hiyohiyo. Siwezi kuning'iniza kitu hicho juu ya kichwa cha mtu anayekunywa juisi ya ukwaju. Mama akanyamaza kidogo, akasema "haya, madema basi, lakini yang'ae."

Kung'aa ndo kesi nyingine. Upepo wa chumvi huu brasi inaanza kuwa nyeusi, baadae kijani, na chuma cha kawaida usiseme. Waya nitaupaka vanishi, ila vibanio na kamba zote ni stenlesi ya 316, ile ya kwenye maboti, bei imechangamka lakini sishushi.

Saa 6 mchana karakana. Umeme ukakatika fundi akiwa katikati ya kuchomelea, tukala wali samaki tukasubiri. Uliporudi tukamaliza dema la tatu.

Saa 9 ndo kazi niliyokuwa naiogopa, kupima uzito. Chandelia yote na reli yake ni kilo 62 na sitaki hata kilo moja iguse boriti. Tulishaweka mbao mbili za mninga ukuta kwa ukuta, ncha zake zimeingia kwenye vishimo ambavyo watu wa Mambo ya Kale walivikagua kwanza, tukajaza kwa chokaa, sio simenti. Simenti ni ngumu kuliko matumbawe, inafungia unyevu na chumvi ndani, baada ya muda ukuta unamomonyoka pembeni yake. Chokaa imepewa wiki zake ikakauka. Leo tukaning'iniza madumu 10 ya lita 20 yaliyojaa maji, yaani kilo 200 na ushee, zaidi ya mara tatu ya mzigo wenyewe. Uzi tuliofunga ukuta kwa ukuta ukaonyesha mbao zimeshuka milimita 4, ukutani hakuna ufa. Nikapumua.

Saa 1 usiku tukawasha dema moja la majaribio. Balbu ya kelvini 6500, ile ya mwanga mweupe wa baridi, iligeuza ukuta wa chokaa kuwa zahanati, tukatoa haraka. Ya 2700, yenye mwanga wa njano, na dima ya kupunguza mwanga ikishushwa nusu, vivuli vya zile tundu za pembe sita vikatambaa ukutani mpaka kwenye mlango wa kuchonga, mama akaita wapishi wote waje waone.

Madumu yanalala yananing'inia mpaka kesho asubuhi. Nimemuachia mlinzi maagizo, hata maji yakikatika hoteli nzima, yale hayaguswi.