Mapango ya Qadisha na Watu Walioyafuata

Bonde la Qadisha, kaskazini mwa Lebanon, ni korongo refu lililochimbwa na mto chini ya Mlima Makmel, na tangu karne za mwanzo za Ukristo wamonaki wamekuwa wakitafuta upweke katika mapango ya magenge yake. Waliziba midomo ya mapango kwa kuta za mawe na kulima matuta kwenye miteremko. Kinachonivutia, hata hivyo, ni jinsi upweke huo ulivyokuwa mgumu kuulinda, kwa kuwa mahali pasipofikika kwa urahisi humfaa mtawa na humfaa vilevile mtu anayekimbizwa.

Pango la Asi al-Hadath linalithibitisha hilo kwa uchungu. Takriban mwaka 1990 wachunguzi wa mapango walifukua humo miili iliyokaushwa na hewa ya pango lenyewe, ya wanakijiji wa Kimaroni, yaani Wakristo wa kanisa la kale la Lebanon, waliojificha mnamo mwaka 1283, majeshi ya Wamamluki, watawala wa Misri na Sham, yalipoishambulia milima ile. Miongoni mwao alikuwamo mtoto mchanga wa kike, aliyezikwa na nguo zake zote mwilini.

Karne ya 15 mapatriaki, wakuu wa kanisa la Wamaroni, nao walihamia bondeni, katika monasteri ya Qannoubine.

Mimi huvutiwa zaidi na Qozhaya, Monasteri ya Mtakatifu Antoni iliyoegemezwa kwenye mwamba. Mwaka 1610 ilichapwa humo Zaburi yenye safu mbili, moja ya Kisiria, lugha ya kale ya ibada ya Wamaroni, na nyingine ya Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kisiria, nayo ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kuchapwa Mashariki ya Kati. (Ukizitazama njia za bonde lile, utawahurumia walioufikisha mtambo huko.) Karibu na kanisa liko pango ambamo wenye maradhi ya akili walifungwa minyororo, kwa matumaini kwamba mtakatifu angewaponya, na minyororo yenyewe ingalipo. Pango hilo hunitisha kuliko lile la Hadath, maana watu wa Hadath walikimbilia humo wenyewe, ilhali hawa waliletwa na jamaa zao.

Mwaka 1998 UNESCO iliuweka msitu wa mierezi ulio juu ya bonde, pamoja na bonde lenyewe, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wakaapweke wachache wameendelea kuishi humo hadi karne hii ya 21, wakipokea wageni wanaoshuka kwa miguu ili kuwaona.