Kutua Nduli upepo ukipiga ubavuni

Marubani wengi wa ndege ndogo hapa Nduli, uwanja wa ndege wa Iringa, hupenda kuruka asubuhi na mapema, hewa ikiwa bado imelala. Ikifika saa tano jua limeshapasha mabonde, na kati ya Juni na Septemba kusi nayo imepamba moto. Mimi nilimwomba mwalimu anifundishe saa hizohizo mbaya. Akacheka: "Haya mwanangu, lakini miguu yako isije ikalala."

Ndege yenyewe ni ya viti viwili, yenye gurudumu dogo mkiani. Uzito wake umekaa nyuma ya magurudumu mawili makubwa, kwa hiyo mkia ukianza kwenda upande, uzito huohuo unausukuma uzidi kwenda. Upepo nao unaupiga mkia, pua igeukie unakotokea. Ukichelewa, ndege inajizungusha na bawa linakwangua chini. Na Nduli iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, na siku ya joto mshale wa mwendo ukisoma noti 55 (maili za baharini kwa saa), ndege inakwenda kama 60. Noti hizo tano zinaonekana chache, ila nguvu utakayopaswa kuituliza ardhini imepanda karibu asilimia 20. Aliyezoea pwani lazima ashtuke.

Hesabu nafanya kabla ya kuingia. Upepo wa noti 20 ukija kwa nyuzi 30 kutoka usawa wa njia ya kutulia, noti 10 zinapiga ubavuni. Ukija kwa nyuzi 60, zinapiga 17. Ukivuma 12 na kupanda ghafla hadi 20, ile tofauti ya 8 naigawa nusu, naongeza noti 4 kwenye mwendo wa kushukia. Flapu, vile vipande vya nyuma ya mabawa vya kupunguzia mwendo, nateremsha kidogo tu.

Nikikaribia, nainamisha bawa la upande wa upepo ili ndege isisukumwe nje ya mstari, na kwa mguu wa upande wa pili, unaosukuma usukani wa mkia, naizuia pua isigeuke. Mikono na miguu inapingana, na mwili unakataa kabisa mwanzoni. Inamo haibaki ileile. Kila upepo unapopanda au kushuka nakoleza au nalegeza.

Kuna wanaoapa kwamba lazima magurudumu yote matatu yaguse pamoja, kwa mwendo mdogo kabisa. Upepo ukiwa mtulivu nakubaliana nao. Wa kupandapanda, hapana: natanguliza gurudumu kubwa la upande wa upepo, kisha la pili, nasukuma stiki, fimbo ya kuongozea ndege, mbele kidogo yasidunde, mkia ukiwa bado hewani. Hapo naona mbele vizuri na usukani wa mkia bado una hewa ya kutosha.

Hatari iko baadaye kidogo, mkia unaposhuka: usukani umeanza kulegea na gurudumu dogo halijashika. Stiki naivuta nyuma yote na kuilaza yote upande wa upepo, miguu ikichezacheza bila kusubiri nione kosa. Breki naigusa kwa adabu, maana ukiikanyaga kwa hasira ndege inapiga pua.

Nikiwa bado hewani, mguu ukafika mwisho na pua haijanyooka, sibishani. Nafungulia mafuta, napaa. Nikiwa na mafuta ya kutosha nazunguka juu ya mashamba nikisubiri. Upepo usipotulia, mafuta yakiwa bado yanatosha kufika, naelekea Songwe, uwanja wa Mbeya, ambako njia ina zaidi ya kilomita 3.