Umeme hauliwi na taa

Jumatano, saa tatu usiku

Leo Kidato cha Pili wamebishana kuhusu balbu mpaka kengele ya mapumziko ikalia, na bado hawakutoka. Nimefurahi mno, nikaona niandike kabla usingizi haujanichukua.

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya umeme nakutana na imani ileile: mkondo unatoka kwenye betri ukiwa mwingi, ukipita kwenye taa unapungua, unarudi kidogo. Fomula haiing'oi. Mtihani unakuja, wanajibu vizuri, ila ukiwauliza kwa maneno ya kawaida unasikia, "Madam, mwingine si umeshaliwa na taa?" Na maabara yetu ina ameta chache, yaani vipima mkondo, nyingine sindano zake hazisogei tena.

Safari hii nimetumia PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Aliyeyaanzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Nobeli mwaka mmoja kabla, na mpaka leo ni ya bure. Baadhi yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa shule kama yetu uzuri wake mkubwa ni kwamba jaribio zima unaweza kulipakua kama faili moja, ukalifungua bila bando. Nililipakua Jumamosi nikiwa mjini, nikaliweka kwenye vishikwambi vyetu, vile tulivyogawiwa walimu baada ya kumaliza kazi ya sensa ya 2022.

Kabla ya kugusa chochote, kila mwanafunzi aliandika kwenye daftari: ameta ya kabla ya balbu itasoma ngapi, na ya baada yake je? Karibu wote waliandika namba ndogo kwa ya pili. Ndipo wakaunda sakiti yao, betri ya volti 9 na balbu yenye ukinzani wa omu 10. Ameta ya kwanza: ampea 0.90. Kijana mmoja akaburuta ya pili mpaka upande wa kurudi. 0.90. Akaitoa, akaiweka upya. Wenzake wakamwambia ameta ni mbovu, zibadilishwe nafasi. Zikabadilishwa. 0.90 kote.

Wakaongeza balbu ya pili mfululizo, wakitegemea mkondo upungue baada ya hiyo tu. Ukashuka hadi 0.45 kila mahali, hata karibu kabisa na betri. Hapo darasa likalipuka. Binti mmoja ambaye kwa kawaida haongei akauliza, "Sasa kama umeme wote unarudi, taa inawaka kwa kula nini?" Miaka yote nafundisha mada hii, nilikuwa nalisubiri swali hilo. Vile viduara vya buluu, yaani elektroni, vinarudi vyote. Kinachotoka pale kwenye balbu kama mwanga na joto ni nishati. Leo neno nishati lilikuja wakati wanalihitaji, wakalishika.

Video isingefanya hivi. Mafunzo mengi ya TEHAMA niliyohudhuria yalitufundisha kutengeneza slaidi, na slaidi zilizojaa notisi ni ubao uleule, umewekewa taa. Naamini kabisa kwamba zana inayomfaa mwalimu ni ile ambayo mtu anaweza kuitia mkono, aibadilishe aone kinachotokea. Na hata hiyo, bila utabiri ulioandikwa kwanza, wangeburuta nyaya kipindi kizima kwa kujifurahisha tu.

Rafiki yangu anayefundisha darasa la pili anafanya kitu kama hicho na African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto. Hadithi zake, zikiwemo nyingi za Kiswahili, zina leseni huria, kwa hiyo anafupisha sentensi ziendane na watoto wake, kisha anachapisha. Vitabu vya kiada nasoma kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vinanisaidia sana kuandaa somo. Ila kazi hii ya kubadilisha na kujaribu ndiyo ninayoitaka zaidi darasani.

Ijumaa tunarudia yote kwa nyaya halisi na zile ameta zinazofanya kazi. Sitaki waamini kwamba umeme una tabia hiyo kwenye kioo tu. Namba hazitalingana vizuri hivi, na hilo nalo tutalizungumza. Kinachonisumbua ni balbu: madukani tochi zote siku hizi ni za LED, na mimi nazitaka zile za zamani zenye uzi ndani. Kesho nitapita kwa fundi redio, huenda ana chache kwenye boksi lake.