Siku moja maishani mwangu: fundi wa magitaa, Arua

Saa mbili asubuhi. Nafungua kibanda, nafagia, natandika taulo nene mezani. Ni Januari, kiangazi kimekaza, na huu ndio msimu magitaa yanapoumia huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mbao hupoteza unyevu na kusinyaa, lakini freti, vile vipande vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa, ni za chuma, hazisinyai. Ncha zake hujitokeza pembeni mwa shingo.

Saa tatu. Kijana anayepiga gitaa la umeme kanisani anaingia. "Fundi, hili linanikata mkono."

"Umelipaka nini?"

"Mafuta ya simsim. Mama alisema yanalainisha mbao."

"Mama hajakosea kwa mambo ya jikoni, mdogo wangu. Kwenye gitaa simsim huganda na kunata, vumbi likakamata hapo hapo."

Wengine hupaka mafuta ya shea, nayo hubaki juu tu, mazito. Nimekwisha kusema na nitaendelea kusema: mafuta ya chakula yasiguse gitaa.

Saa tatu na nusu nalegeza nyuzi taratibu, kisha nazitoa zote. Pikapu, zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, naziziba kwa tepu ya karatasi, maana unga wa chuma hung'ang'ania sumaku.

Kuanzia saa nne ni kusafisha, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwa ukingo wa kadi ya plastiki nakwangua uchafu uliojibana kando ya kila freti: jasho, ngozi ya vidole, simsim iliyokauka. Kisha mswaki mkavu. Kisha kitambaa chenye petroli kidogo ya laita, dirisha likiwa wazi na jiko la jirani likiwa mbali. Mwisho stilwulu, yaani sufu ya chuma, laini kabisa, namba 0000, nikifuata mkondo wa nyuzi za mbao, sikatizi. Ubao wa shingo hii ni wa rosewudi, mti wa jamii moja na mpingo, na uchafu ukitoka rangi yake ya kahawia yenye mistari myeusi hujitokeza yenyewe. Nafurahi kila mara.

Ncha za freti nazipiga tupa ndogo mpaka kidole kipite bila kukwama.

Saa saba, posho (ugali) na maharage.

Saa nane mafuta. Natumia mafuta safi ya madini, yale yasiyochacha, matone machache kwenye kitambaa, si kwenye ubao. Natandaza, nasubiri dakika kumi hivi, nafuta yote yaliyobaki juu. Wateja hupenda ubao unaong'aa. Mimi nataka ukiguswa usiache alama kidoleni. Shingo ya mepo, mbao ya rangi hafifu, yenye vanishi siipaki kabisa, mafuta hayapenyi pale.

Saa kumi nyuzi mpya zimekaa na sauti imelingana. Kijana anapitisha mkono shingoni, kwenda na kurudi, kisha anaomba nimuuzie kichupa cha mafuta ili apake kila wiki.

"Hapana. Mara moja au mbili kwa mwaka zinatosha. Mafuta hupunguza kasi ya mbao kukauka, lakini si maji, hayarudishi unyevu uliokwenda."

Nampa kisahani cha sabuni chenye kifuniko na matundu, ndani kipande cha sponji. Akiloweshe, akikamue kisidondoke hata tone, akiweke ndani ya begi la gitaa, kando ya shingo, mpaka mvua za Aprili.