Udongo wa Baba

"Mama, udongo unauzwa wapi?" Mwanangu ameagizwa na mwalimu apande maharage kwenye kopo, nasi tunakaa ghorofani. Nilimjibu kwamba tutaupata kwa wauza maua. Tangu hapo swali lake halijaniondoka, maana nimewahi kuuona udongo ukihamishwa kama mali ya nyumbani.

Ile bustani ya bondeni ndiyo iliyotusomesha. Baba aliikuta ardhi nyekundu, ngumu, akailisha samadi na majani yaliyooza mwaka hadi mwaka mpaka ikageuka nyeusi. Mji ulipotufikia mambo yalikwenda mbio: barua, mkutano, vigingi, fidia. Fidia ilihesabu miti na mazao yaliyosimama. Udongo haukuwa na nafasi yake kwenye fomu.

Siku ya mwisho nilimkuta Baba anachimba. Mboga tulikwisha kuzigawa kwa majirani. Alikuwa anabandua tabaka la juu kwa sepetu, kina cha shubiri hivi, taratibu, akikoma kila alipoufikia wekundu. Ukingo wa shimo ulionyesha mpaka wazi kabisa: juu weusi wenye vijimizi na nyungunyungu, chini udongo mkavu uliopasuka. Akachukua bonge, akalifikicha likamomonyoka lote, akaninyooshea kiganja ninuse. Kisha akajaza kiroba na kukishindilia kwa goti. Kijana wa greda alizima injini, akashuka.

"Mzee, udongo si upo kila mahali?"

Baba hakuinua kichwa. "Huu nimeutengeneza mimi, mwanangu."

Kijana akasimama kidogo, kisha akainama na kumshikia mdomo wa kiroba kilichofuata.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma alichoandika Peter Kropotkin, mwanafikra wa Kirusi, mwishoni mwa karne ya 19 kuhusu wakulima wa mboga wa Paris. Mikataba yao ya kukodi mashamba iliwaruhusu, wanapohama, kuondoka na udongo wao hadi kina fulani. Walikuwa wameutengeneza kwa samadi ya farasi waliojaa mjini. Mji ulikula mboga zao na kuwarudishia mbolea. Magari yalipochukua nafasi ya farasi, samadi ile ikakatika, na majengo nayo yakazidi kuyasogelea mashamba. Kilichonishika ni kile kifungu cha mkataba. Kumbe alichokifanya Baba kwa sepetu yake, wenzake wa zamani walikuwa nacho kwa maandishi, na hakuna aliyewauliza kama udongo haupo kwingine.

Viroba tulivipanga uani kwenye nyumba ya kupanga. Mboga ziliota, ila udongo wa kwenye kiroba hukauka upesi, na maji tulikuwa tunanunua. Bondeni sasa wanaishi watu waliohitaji nyumba kama sisi tulivyohitaji bustani, na siwezi kusema wasingejengewa. Ninachokikataa mpaka leo ni ile fomu. Aliyeiandaa aliona miti, akaona mazao, akairuka kazi ya miaka iliyokuwa chini ya miguu yake. Nimefikiria sana udongo ule ungepimwaje, kwa kina, kwa ndoo au kwa miaka, na sijapata kipimo ambacho mthamini angekikubali. Baba nilipomuuliza hakutaja hela. Alisema angepewa msimu mmoja zaidi, angeuhamisha wote.