Halikuchanganyika

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na mstari mmoja tu, Waebrania 4:2, na kwenye huo mstari nimenasa kwenye kitenzi kimoja, kuchanganya. Unasema habari njema ilihubiriwa kwetu kama ilivyohubiriwa kwao, yaani Waisraeli waliotoka Misri wakapita jangwani, ila neno walilosikia halikuwafaa, kwa sababu "halikuchanganyika na imani" ndani yao. Miaka mingi nausoma jamani na nilikuwa napita tu.

Mwaka jana tulikuwa tunapiga lipu nyumbani. Ukamwagwa mchanga, saruji juu yake, saidia fundi akaanza kugeuza na beleshi, kavukavu kwanza bila maji, anatoa huku anapeleka kule, halafu anarudisha tena. Mimi nikaona imetosha, nikashika ndoo nimwage maji, fundi akanizuia, "Bado mama, angalia rangi." Kuangalia kweli, kuna michirizi, hapa kijivu, pale rangi ya mchanga. Wakageuza tena na tena mpaka lote likawa rangi moja, ndo yakaingia maji. Sasa kuna ukuta wa nyuma ulipigwa lipu zamani kwa haraka, ule ukipitisha kidole mchanga unadondoka. Na saruji iliwekwa, niliinunua mwenyewe kwa hela yangu! Ilikuwepo, ila haikuchanganyika.

Hapo ndo mstari ulinifungukia. Naweza kuwa na neno, nimelisikia Jumapili, nimeliandika kwenye daftari, nimeitikia amina kwa sauti, na bado limekaa juu juu kama saruji iliyomwagwa juu ya mchanga haijaguswa na beleshi.

Halafu angalieni tunavyolitumia hili neno kila siku. Mtu akizidiwa na mawazo tunasema amechanganyikiwa, vitu vimeingiliana kichwani havina mpangilio. Lakini gari likishika spidi tunasema limechanganya, biashara ikianza kwenda vizuri tunasema sasa imechanganya. Kitenzi kilekile! Kiebrania nacho kina kitu kama hicho, kitenzi cha unga kuchanganywa na mafuta kwenye sadaka ya Walawi 2 ndo hichohicho cha lugha kuvurugwa pale Babeli, Mwanzo 11. Yaani kuchanganyika kunaweza kukupa mkate wa kumtolea Bwana na kunaweza kukupa mji ambao watu hawasikilizani, inategemea nini kimeingia kwenye nini. Wale watu wa jangwani hawakukosa kuchanganya, walichanganya neno na hofu, na likachanganya kwelikweli, usiku ule wapelelezi walipoleta habari za nchi ya ahadi kambi nzima ililia.

Someni Hesabu 13 na 14 taratibu. Wapelelezi 12, siku 40, nchi ileile, kile kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili kwenye mti wote walikiona. Majitu pia wote waliyaona, Kalebu na Yoshua hawakusema hayapo, na hili mi naona tunalikosea sana tunapofundisha imani, kana kwamba mwenye imani ni yule asiyeona tatizo. Kumi wakajiona kama panzi. Wawili walikuwa wamesikia ahadi ileile, kwa masikio kama ya wenzao, ila kwao ilishageuzwa humo ndani mpaka ikawa rangi moja na wao, huwezi tena kuonyesha hapa ni neno na hapa ni Kalebu.

Kile kitenzi cha Kigiriki cha Waebrania 4:2 kwenye Agano Jipya kipo mara mbili tu, kwingine ni 1 Wakorintho 12:24, Mungu ameuungamanisha mwili. Hilo tutalichukua wiki nyingine Mungu akipenda.

Mi wiki hii nimechukua ahadi moja tu, sijaongeza nyingine, naigeuza nikiosha vyombo, naigeuza nikiwa kwenye daladala, na nikiona michirizi bado ipo sikimbilii kumwaga maji.

Ukimaliza Hesabu nenda Yoshua 14. Miaka 45 imepita, Kalebu ana miaka 85, nchi inagawanywa, anasimama mbele ya Yoshua na kuomba apewe mlima. Si mlima wowote wapendwa, ni uleule wenye Waanaki, wale majitu waliowafanya wenzake wajione panzi.